Bata Bukini Si Kuku

Baba mkwe wangu alikuwa mtu wa heshima. Kila alipofyatua bunduki na bata bukini kuangukia bwawani, aligeuka akanipa mgongo, akakazia macho mikaratusi iliyopandwa na mzungu kando ya barabara, akasubiri. Hapo ndipo mimi, mke wa mwanawe, nilipopandisha gauni hadi mapajani nikaingia majini kumchukulia ndege wake. Mila haikumruhusu mkwe kuona mapaja ya mke wa mwanawe. Kumtuma ndani ya maji baridi alfajiri, akiwa na mimba, hilo halikuwa na neno. Nimezeeka sasa, na mengi nimeyasamehe, lakini ule mgongo wake ndani ya koti la kaki bado nauona, na nikiuona hasira zinanipanda upya.

Tulikuwa Lugari, kwenye mashamba yaliyokuwa ya wazungu. Uhuru ulipokaribia yalianza kukatwa vipande, na familia za kwetu, zilizokuwa zimebanana kule Iguhu kwenye vishamba vya kutosha kupanda migomba na kuzika watu, zikahamia huko na magodoro yao, kuku wao na Biblia zao. Baba mkwe hakuhitaji kuhama. Alikuwa huko miaka mingi tayari, akimfanyia kazi mzungu mwenye shamba lile. Mzungu alipouza na kuondoka, baba mkwe alipata kipande kilichopakana na bwawa, akamwita mkewe na wanawe kutoka Iguhu, na juu ya hayo yote akaachiwa bunduki.

Ilikuwa bunduki ya kale, ya mitutu miwili iliyolala sambamba. Baba yake yule mzungu ndiye aliyekuja nayo kutoka kwao. Vyuma vyake vya ubavuni vilichorwa ndege na majani, na mitutu yenyewe ilikuwa na mistari ya kujipinda kama ile inayoonekana kwenye ubao ukishapigwa randa. Nyundo zake hazikufichwa ndani kama za bunduki za siku hizi. Zilisimama nje, juu, moja kwa kila mtutu, na mpigaji alizivuta nyuma kwa kidole gumba kabla ya kulenga. Ile ya kushoto ilikuwa imechoka, ukiivuta inakaa kidogo kisha inashuka yenyewe inapotaka, kwa hiyo ilibidi aishikilie. Kitako kilikuwa na ufa, kimefungwa kwa mpira wa ndani wa baiskeli. Mzungu alikuwa na bunduki mpya na hiyo akaondoka nayo. Hii kuukuu alimwachia mtumishi wake, na mtumishi akaipokea kana kwamba amekabidhiwa nchi.

Kila Jumamosi aliilaza juu ya gunia, akaisugua kwa samli. Samli hiyo ilitoka kwa ng'ombe niliyemkamua mimi, kwa maziwa niliyoyatikisa mimi kwenye kibuyu. Miguu yangu ilikuwa imepasuka kwa ukavu, bunduki inang'aa.

Kazi yake kwa mzungu aliisimulia mwenyewe, tena mara nyingi. Alikuwa akimbebea ile bunduki na mfuko wa risasi. Mzungu alikuwa na mbwa aliyefundishwa kuokota ndege majini. Mbwa alipokufa, mzungu hakutafuta mwingine. Alimwambia baba mkwe avue viatu.

"Mimi naogelea kama imbwa," alikuwa akisema, "na yeye amesimama pale na kiko kwa mdomo. Anasema, haraka, haraka."

Niliposikia habari hiyo mara ya kwanza, nikiwa bibi arusi mpya, nilimhurumia mpaka nikafuta machozi kwa leso. Nilidhani mtu aliyepitia hayo hawezi kumpitisha mwingine. Kumbe alikuwa akisubiri zamu yake. Uhuru ulipokuja yeye alisimama pale alipokuwa akisimama mzungu, na mimi nikaingia pale alipokuwa akiingia yeye, na hata kiko alikuwa nacho.

Sitaki kudanganya, bata bukini wenyewe walikuwa balaa. Mahindi yakishaota tu, yakiwa na majani mawili matatu, walitoka bwawani kabla jua halijachomoza, wakatembea katika mistari yetu kwa utaratibu kama wakaguzi wa serikali. Waling'oa mche, wakala ile punje iliyo chini, wakasonga kwenye mche unaofuata. Ukipiga debe waliruka hadi kwa jirani, na jirani akipiga debe walirudi kwako. Bila bunduki tungepanda na kupanda tena. Kwa hiyo sina ugomvi na kuwapiga. Ugomvi wangu ulianza walipofika jikoni.

Ndege wa kwanza aliletwa nyumbani Jumapili, na wanaume wa jirani waliotoka kanisani walipita kumwona. Alikuwa mkubwa, wa rangi ya udongo, na doa jeusi kuzunguka jicho. Mtu akauliza swali ambalo sikujua kwamba ni swali: je, wanawake watamla? Kwa sababu kwetu, siku zile, mwanamke hakula kuku wala mayai. Alimfuga kuku, akamlisha, akamchinjisha, akamnyonyoa, akampika, akamwandaa mezani, akarudi jikoni kula mboga. Ukiuliza kwa nini, kila mtu alikuwa na sababu yake, na hakuna sababu iliyofanana na nyingine. Lakini huyu hakuwa kuku. Alikuwa ndege wa mwitu, mkubwa kama mwanambuzi, na nyama yake ingetosha nyumba nzima.

Wakakaa kwenye veranda ya nyumba kubwa kulijadili jambo hilo. Mimi na mama mkwe tulikuwa jikoni tukisikia.

"Iko na mabawa," baba mkwe alisema. "Iko na mdomo. Inatagianga mayai. Hiyo ni ingokho." Ingokho ni kuku kwa lugha yetu.

"Lakini Mzee, inaogelea," jirani mmoja alijaribu.

"Hata kuku ukitupa kwa maji itaogelea."

Wakacheka, na kesi ikaishia hapo. Hivyo ndivyo bata bukini alivyogeuzwa kuku, kwa kicheko, na wanaume walioshiba chai yangu. Walikuwa watu wa kanisa wote. Neno la Mungu walilisoma asubuhi ile ile, na hakuna aliyelikumbuka lilipofika suala la paja la ndege.

Siku hiyo alikuwepo pia mfanyabiashara Mwislamu kutoka Mumias, aliyekuja kuangalia mahindi. Alikaribishwa nyama. Akashukuru, akasema ndege amekufa kwa marisau ya bunduki bila kisu, yeye hawezi kumla. Hakuna aliyebishana naye, aliongezewa chai. Nilimtazama kupitia mlango wa jikoni nikamwonea wivu. Yeye alijikataza mwenyewe, na katazo lake likapewa heshima. Mimi nilikatazwa na watu wengine, nao wakala fungu langu.

Nami sikuwa mgeni wa nyama ya kuku. Nililelewa karibu na misheni ya Mukumu, masista walitulisha mayai shuleni, na baba yangu mzazi hakuwa na habari na mambo hayo. Nilijua ladha ya kuku vizuri sana. Mtu asiyejua anachonyimwa huvumilia kwa urahisi zaidi. Mimi nilijua, na nilikuwa na sababu nyingine.

Mimba yangu ya kwanza iliharibika. Ya pili ilipofika miezi michache, nilienda kumtembelea mama yangu, naye akanipeleka hospitali ya misheni. Muuguzi alinivuta ngozi ya chini ya jicho akatazama ndani, akavuta na ya jicho la pili. Alisema damu yangu imekwisha. Alisema nile maini, nyama, mayai, si mara moja kwa Krismasi bali kila ninapoweza, la sivyo huyu naye atanitoka, na huenda tukaondoka wote wawili. Alisema bila kupaza sauti, na mkono wake ulikuwa bado shavuni mwangu. Nilirudi Lugari nikiwa na vidonge vya kuongeza damu na hofu tumboni karibu na mtoto.

Mume wangu alikuwa fundi wa kujenga mjini Kakamega, amepanga chumba Shirere, na alikuja nyumbani mwisho wa mwezi. Nilimweleza kila neno la muuguzi.

"Nitaongea na Mzee," alisema.

"Utaongea lini?"

"Nitaongea tu."

Waliongea usiku ule hadi taa ikaisha mafuta. Waliongea juu ya mabati, juu ya mbegu mpya ya mahindi, juu ya redio ambayo mume wangu alitaka kununua. Asubuhi alinipa mkono wa kwaheri akapanda baiskeli. Mwezi uliofuata akasema ataongea, na uliofuata pia. Mume wangu hakuwa mtu mbaya, watu wote husema hivyo, na mimi nimechoka kusikia. Alikuwa mtu aliyeogopa kumwudhi baba yake kuliko alivyoogopa kunizika.

Basi fikiria asubuhi zangu. Mngurumo wa bunduki, moshi mweupe unatanda juu ya bwawa, bata wanalia na kuruka, mmoja anaanguka. Baba mkwe anageuka. Hakuongea nami moja kwa moja, hiyo nayo ilikuwa heshima. Aliiambia ile mikaratusi, "Huyo mtu wa Mukumu aingie sasa." Nikaingia. Matope ya chini yalikuwa baridi na laini, maji yakanifika kiunoni, na nilipotoka kulikuwa na ruba kwenye mashavu ya miguu na nyuma ya magoti. Niliwabandua kwa chumvi jikoni. Damu niliyoambiwa sina, ruba waliipata. Kisha nilimchovya ndege katika maji ya moto nikamnyonyoa, manyoya madogo yakaniingia puani, nikampasua, nikatoa ini lake likiwa bado na joto mkononi mwangu, kubwa, jekundu, linang'aa. Nikaliweka kwenye sufuria ya wanaume. Nikanawa mikono. Nikala obusuma, yaani ugali, kwa mboga ya mrenda.

Mama mkwe alikuwa akinitazama nikifanya hivyo. Alikuwa mwanamke mfupi, mkimya, mwenye mikono mikubwa, na wakati huo nilimchukia kuliko mumewe. Yeye ndiye aliyeketi nami jikoni. Yeye ndiye aliyehesabu vipande. Siku moja nilipolamba kidole kilichodondokewa na mchuzi, alinipiga kofi mkononi, si kwa nguvu, kama unavyompiga mtoto anayechezea moto.

"Mukhana wanje," alisema, yaani binti yangu, "hapa usifanye hivyo."

Lakini hata yeye alikuwa na msalaba wake, na msalaba huo ulikuwa chumvi.

Kila alipopika kuku, na baadaye kila alipopika bata bukini, baba mkwe alimega obusuma, akachovya, akaweka mdomoni, akanyamaza kidogo. Wote walioketi naye wakanyamaza. Kisha akasema, "Chumvi." Neno hilo moja tu. Hakusema imezidi au imepungua. Mama mkwe aliinama, akachukua bakuli, akarudi jikoni, akasimama juu ya moto asijue la kufanya. Mara aliongeza chembe, mara aliongeza maji. Hakuweza kuonja kwa sababu mwanamke haonji kuku. Akalirudisha bakuli, na mzee akala bila kusema neno, wala mama mkwe hakujua kama amepatia. Siku moja, mbele ya wageni, mzee aliumwaga mchuzi wote uani, na mama mkwe akachuchumaa akaokota vipande vya nyama mchangani akaviosha.

Nyama ya ng'ombe ilipopatikana, ambayo mama mkwe aliionja mwenyewe akiwa jikoni, baba mkwe hakulalamika hata mara moja. Jambo hilo lilinikaa rohoni. Mama mkwe alikuwa na maelezo yake.

"Kuku inanishindanga," aliniambia. "Tangu niolewe. Mkono yangu haijui chumvi ya kuku."

Aliolewa akiwa msichana mdogo. Sasa nywele zake zilikuwa nyeupe, na bado aliamini mikono yake ina kasoro.

Asubuhi iliyobadilisha mambo ilikuwa ya manyunyu. Bata walikuwa wengi ukingoni, wamekaribiana. Baba mkwe alipiga goti, akavuta nyundo zote mbili, ya kushoto akiishikilia kwa gumba. Nadhani mkono ulikuwa umelowa. Alipofyatua mtutu wa kulia, gumba likateleza, na mitutu yote miwili ikalipuka pamoja. Ile bunduki kuukuu ilimpiga bega ikamtupa nyuma, akakaa matopeni kwa makalio, kofia upande wake, kiko upande wake. Moshi ulikuwa mzito kama wa kuni mbichi. Niliuma ndani ya shavu langu nisicheke. Aliinuka haraka, na kwa aibu hakutazama hata ni ndege wangapi wameanguka. Alinipa mgongo. Koti lilikuwa na matope kuanzia kiunoni kushuka.

"Huyo mtu aingie," aliiambia mikaratusi.

Niliingia. Wawili walikuwa wakielea mbele yangu. Wa tatu alikuwa mbali kidogo, kwenye matete, amelala ubavu, mnene. Nilisimama majini nikimtazama, na mtoto akageuka tumboni. Sikupanga lolote. Niliangalia nyuma nikauona ule mgongo, umenyooka, wa heshima, na nikatambua kwamba mtu aliyenipa mgongo haoni kitu. Muda wote ule sikuwa nimeliwaza hilo. Nilimsukuma yule ndege ndani kabisa ya matete, nikayakunja matete juu yake.

"Ngapi?" mzee aliiuliza mikaratusi.

"Wawili, Baba."

"Sawa. Mbili imelia, mbili imekufa."

Sijawahi kuujutia uongo wangu ule, na mkinisubiri niujutie mtasubiri sana.

Mchana ule wanaume walikwenda kwenye baraza la chifu. Kulikuwa na mkubwa fulani kutoka mjini aliyekuja kuwaeleza maana ya uhuru, na baba mkwe alivaa koti la pili. Walipopotelea barabarani nilichukua kikapu nikashuka bwawani. Nilimtoa ndege kwenye matete, nikamfunika kwa majani ya ng'ombe. Nilipogeuka, mama mkwe alikuwa amesimama nyuma yangu na mtungi wake.

Nilijua atakachofanya. Angemwambia mzee, mzee angewaita wazee wenzake, na ningerudishwa Mukumu na kikapu changu, tumbo likiwa mbele.

"Nilikuona asubuhi," alisema. "Mimi nilikuwa nachota maji upande ile. Mimi sikukupatia mgongo."

Nilitaka kumwomba, lakini kilichotoka kinywani ni hasira. Nilimwambia yale ya muuguzi, yote, ambayo mume wangu aliahidi kuyasema na hakuyasema. Nilimwambia mtoto wa kwanza alinitoka nikiwa nimesimama kwenye jiko lake nikipika kuku. Nilimwambia akienda kusema, aseme, lakini maini nitakuwa nimeshakula, hata mabichi.

Alitua mtungi chini. Alinikaribia, akanivuta ngozi ya chini ya jicho kwa kidole chake kikubwa, vile vile kama muuguzi, ingawa hakuna aliyemfundisha. Akatazama kwa muda.

"Lete hiyo kikapu," alisema. "Wewe hujui kuipika."

Alimpika katika chungu chake kidogo, mlango umefungwa, moshi unatuumiza macho. Alipika kama anavyopika siku zote. Alikata vitunguu, akakaanga, akamimina maji, akachota chumvi kwa vidole vitatu akairusha bila kutazama, bila kuonja. Ini alinipa kwanza, kwenye kifuniko. Nililila nikiwa nimesimama. Sioni haya kusema kwamba nililia nikitafuna, na hayakuwa machozi ya furaha. Nilikuwa na hasira kwamba kitu kidogo vile, cha kutoshea kiganjani, ndicho nilichonyimwa nife.

Mama mkwe alinitazama nikila paja, na bawa, na mchuzi. Nikadhani naye ana hamu. Lakini swali lake lilikuwa jingine.

"Chumvi," alisema polepole. "Chumvi iko aje? Niambie ukweli, mukhana. Mimi sitakasirika."

"Onja mwenyewe, Mama."

"Hapana."

"Basi sitakwambia. Kaa hivyo hivyo mpaka ufe usijue."

Nilimjibu vibaya, najua. Mtu hamsemeshi mama mkwe hivyo. Aligeuza uso kuelekea mlango uliofungwa, akausikiliza. Kisha akatumbukiza kidole cha mwisho, kile kidogo, kwenye chungu, akakiweka mdomoni.

Alikaa nacho humo muda mrefu. Akatumbukiza tena. Akachukua kipande cha obusuma, akachovya vizuri, akatafuna huku ananitazama usoni kana kwamba mimi ndiye niliyemdanganya.

"Nimeipika kama siku zingine?"

"Kama siku zingine."

"Hakuna kitu nimeongeza?"

"Hakuna, Mama. Nilikuwa nakuona."

Alivuta kigoda, akaketi mbele ya chungu, akala. Alikula kama mtu anayefyeka shamba la adui, bila kupumzika, akivunja mifupa kwa meno machache aliyobaki nayo. Nilikaa kando yake nikala naye. Tulipomaliza alichimba shimo nyuma ya jiko, akafukia mifupa na manyoya, akakanyaga udongo kwa miguu yote miwili.

Tangu siku ile, mara kwa mara bunduki ilipolia, ndege mmoja alipotelea kwenye matete. Baba mkwe alipungukiwa na ndege mpaka akaanza kuilaumu bunduki. Alisema imezeeka, inatawanya marisau. Akaongeza samli. Mama mkwe alimsikiliza akisema hayo, akaitikia, "Kweli, Mzee," na kunitazama kwa jicho kavu. Damu yangu ilirudi. Nilijifungulia Mukumu, karibu na mama yangu. Muuguzi yule yule alinivuta tena ngozi ya jicho, akaniuliza nimekula nini. Nikamwambia nimekula kuku wa bwawani. Mtoto alilia kwa nguvu hata wagonjwa wa chumba cha pili wakalalamika.

Niliporudi Lugari wageni walikuja kumwona mtoto. Ilikuwa Jumapili tena, na wale wanaume wa veranda walikuwa karibu wote. Mume wangu alikuwepo, na redio yake. Baba mkwe alipiga bata bukini wawili kwa heshima ya mjukuu, na kwa mara ya kwanza mtu mwingine aliingia majini kuwaokota, kwa kuwa mimi nilikuwa mzazi. Mama mkwe alipika. Mimi niliketi chumba cha ndani, nyuma ya pazia, nikimnyonyesha mtoto, nikisikia kila kitu.

Niliwasikia wakinawa mikono. Nilisikia bakuli likiwekwa mbele ya baba mkwe, lenye firigisi juu, kwa sababu firigisi ni ya mwenye nyumba. Nikasikia kimya kile ninachokijua.

"Chumvi," baba mkwe alisema.

Nilisubiri miguu ya mama mkwe iende jikoni. Haikwenda.

"Chumvi iko sawa," alisema.

Kuna mtu aliyekohoa. Mume wangu alizima redio.

"Unasema nini?"

"Nasema chumvi iko sawa, Mzee. Ilikuwanga sawa siku zote."

"Na wewe umejua aje?" Sauti ya baba mkwe ilikuwa imeshuka. Nadhani alikuwa ameshajua jibu, na alikuwa akimpa nafasi ya kudanganya mbele ya watu.

"Nimeonja," mama mkwe alisema.

Hakuna aliyecheka safari hii. Nilimbana mtoto kifuani, nikasikia kigoda kikisogea, nikadhani sasa anaumwaga mchuzi, au anampiga. Lakini aliyesogea alikuwa mama mkwe.

"Kama huitaki, lete," alisema. "Mzazi ako na njaa."

Pazia likafunguka. Aliingia na bakuli lile lile, mvuke unatoka, firigisi iko juu pale pale, limejaa hata mchuzi ukamwagikia kidole gumba. Alikilamba. Akaketi kitandani kando yangu, akaikata firigisi katikati kwa kucha, akanipa nusu, akala nusu. Chumvi ilikuwa sawa kabisa.